Haikuaga

Saa nane na dakika kumi na mbili, usiku wa Jumatatu, ilizimika.
Alhamisi, saa tisa kasorobo. Jumamosi, mara mbili.
Naandika kwa penseli nyuma ya risiti ya LUKU,
maana daftari la mashine yenyewe halisemi kitu.

Kompyuta ikizimwa kwa adabu huaga:
nafunga hiki, nafunga kile, diski iko salama, kwaheri.
Hii yangu inaandika tu kama kawaida,
joto nyuzi arobaini na nne,
picha ya elfu sita na kumi imehifadhiwa,
picha ya elfu sita na kumi na m
basi.
Mstari unaofuata ni asubuhi,
mimi nikibonyeza kitufe kwa kidole gumba cha mguu.

Nilianza na lililo karibu. Umeme wa mtaa?
Nikamuuliza jirani Mchopa, halali huyu kwa kikohozi:
taa ya barazani kwake haikupepesa.
Uniti zilikuwepo, arobaini na mbili nukta tatu.
Joto? Mtwara mwezi wa kumi na moja hata mawazo yanachemka.
Nikafungua ubavu. Ndani, Chikongola yote imehamia:
vumbi jekundu, nywele, ganda moja la korosho
(usiniulize limepitia wapi),
na mjusi kafiri aliyekauka kama stempu.
Nikapuliza kwa pampu ya baiskeli,
nikafuta feni kwa kitambaa cha miwani.
Ikakaa siku tatu. Nikajisifu mbele za watu.
Ya nne ikazimika.

Nikachomoa vijiti vya kumbukumbu, kimoja kimoja,
nikavisugua meno kwa raba ya shule ya binti yangu,
nikavipima usiku kucha: hakuna kosa, hakuna kosa.
Laiti ningepimwa mimi nikaambiwa hivyo.

Somoe akageuka kitandani: "Kwani humo mna nini?"
Anajua kilichomo. Filamu za marehemu baba,
za studio yake ya Masasi, nazipitisha kwenye skana:
maharusi waliosimama wima kama wanapimwa urefu,
kijana katoka jandoni, shati bado lina mikunjo ya dukani,
mama mmoja ameshika redio isiyo yake.
Baba naye aliacha daftari.
Ukurasa wa mwisho: Bi. Esha Namkoma, pasipoti nne, kalipa nusu,
na hiyo koma. Baada ya koma, karatasi nyeupe.

Kwa hiyo nikakesha.
Nikachomeka taa ya meza kwenye ekstensheni ileile,
nikakaa sakafuni na chai na chapati ya jana,
nisiitazame mashine, niitazame taa.
Saa saba, kimya. Saa nane, mbwa wawili.
Saa nane na robo, jikoni, friza la Somoe likakohoa,
likavuta pumzi, likaanza kugandisha barafu za wanafunzi,
na taa, ungepepesa jicho usingeona,
ikasinyaa.
Mashine ikafa mbele yangu. Sijawahi kufurahi vile.

Asubuhi, Vigaeni, fundi Nangumbi akafungua pawa saplai,
akanionyesha kapasita mbili zimefura kama maandazi.
"Friza limeisukuma tu," akasema. "Ilikuwa inaanguka yenyewe."
Elfu thelathini na tano, ya mtumba, dhamana ni sura yake.

Friza lina waya wake sasa, umezunguka mpaka sebuleni.
Somoe ananidai barafu kumi na saba zilizoyeyuka nikijaribu;
mbili kanisamehe.
Leo siku ya kumi na moja.
Picha ya elfu sita na mia tatu: mwanamke, ukuta wa chokaa,
jicho limekwepa kamera, shingo ndefu.
Kwenye bahasha, mwandiko wa baba: Namkoma. Nusu.

Saa nane bado naamka, bila kengele.
Friza linaanza.
Nahesabu.
Feni inaendelea.